Mpendwa Mteja, Mzigo Wako Umekwama

Neno "mpendwa" mara ya mwisho niliitwa siku ya harusi yangu, tena na MC aliyelipwa. Kwa hiyo Jumatatu ile simu ilipolia asubuhi, nikasoma "Mpendwa mteja", nilisimama katikati ya uwanja na mswaki mdomoni, povu likinitiririka mpaka kidevuni.

Meseji ilisema mzigo wangu umefika Dar es Salaam, ila umeshindikana kuletwa nyumbani kwa sababu anwani haijakamilika. Nibofye linki, nilipie shilingi 1,850 ndani ya saa 12, la sivyo mzigo unarudishwa ulikotoka.

Anwani haijakamilika! Hapo tu nilitakiwa nicheke nifute. Jamani, mimi nakaa Kivule. Bodaboda anayeniletea gesi ni yule yule kila mwezi, na kila mwezi tunaongea kwenye simu kuanzia kwa muuza chipsi mpaka mlangoni. "Umeuona mwembe? Huuoni? Basi hapo hapo, walishaukata, pinda kulia." Kibao cha namba ya nyumba walichotupigilia mwaka 2022, wakati wa zile anwani za makazi, kilikaa getini miezi minne, wakapita vijana wa vyuma chakavu. Kaka yangu wa tumbo moja alikuja Pasaka akaishia kulala gesti, nyumba kaikosa. Halafu leo atokee mtu aniambie alifunga safari kuja kwangu, akakosea kidogo tu?

Lakini ubaya wake, kweli nilikuwa nasubiri mzigo. Mama mkwe yuko Kyela, na wiki hiyo alishasema anatupakilia mchele kwenye basi. Ndipo wanapotupatia hapo. Tapeli hajui kama una mzigo au huna. Anamwaga meseji kama mtu anayetupia kuku mtama, na katika kuku wote hao hakosi mmoja aliyeamka na njaa. Kuku mwenyewe mimi.

Na si kwamba mimi mgeni wa mambo haya. "Ile hela itume kwenye namba hii" nimeipokea mpaka nimeizoea kama adhana. Kuna siku wenye nyumba watatu walinidai kodi kabla ya saa nne asubuhi, na nyumba nimejenga mwenyewe, bati la mwisho bado nadaiwa dukani. Hao niliwafuta bila hata kuketi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniita mpendwa.

Nikabofya.

Ukurasa ukafunguka, mzuri mpaka unaona aibu kuushika na mikono yenye dawa ya meno. Nembo ipo, rangi zipo, kuna kigari cha mizigo kinakimbia kwenye lami iliyonyooka. Lami. Kivule. Sikushtuka bado. Wakataka jina, nikatoa. Wakataka namba ya simu, wakati wao ndio walioniandikia, nikatoa. Wakataka zile namba 16 za kadi ya benki, tarehe ya kadi kuisha, na tarakimu tatu za nyuma. Nikaenda ndani kuchukua kadi. Nimefika tarakimu ya tisa, binti yangu Neema, yuko kidato cha pili, akapita na ndoo ya maji.

"Baba, mchele wa bibi si unakuja na basi?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona hapo wameandika posta?"

Akatua ndoo, akaanza kunisomea ile linki kama anamsomea mtoto wa chekechea: posta, kistari, tz, kistari, mzigo, halafu mwishoni nukta top. "Posta wenyewe wanaishia na co.tz, baba. Hii top ni ya nani?" Nikamwambia labda ni ya mameneja. Akaniangalia vile mama yake huniangalia nikisema nitarudi mapema.

Jirani yetu, mzee mstaafu, kichwa chake kikachomoza juu ya ukuta. Huyu mzee hajawahi kusikia nikimwomba anikopeshe toroli, ila jambo la aibu hulisikia hata likinong'onwa. Akasema kifurushi cha posta kinachotoka nje kikisajiliwa kinapewa namba yake: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Wewe umepewa? Sikupewa. Na kama ni ushuru wa serikali, unaletewa kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, hulipi kwenye simu ya mtu wala kwa linki ya meseji. Umeletewa? Sikuletewa. Nikamuuliza, sasa mzee, mtu ajenge ukurasa mzima huu kwa ajili ya 1,850? Akasema, "Kijana, hiyo 1,850 ni chambo. Samaki ni hizo namba unazozijaza."

Nikafunga simu. Kwenye akaunti kulikuwa na shilingi 11,400, na naamini tapeli angeziona angeniongezea nauli. Lakini hasira ni hasira. Neema akaituma namba ya yule bwana kwenda 15040, kule TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakotaka turipoti matapeli, nami tangu dakika hiyo nikawa mwalimu. Kwenye daladala, kinyozi, msibani, nilifundisha. Usibofye. Usitaje namba ya siri. Ukiambiwa haraka, wewe nenda polepole. Mama mkwe nilimpigia makusudi: "Shikamoo mama. Mtu yeyote akikupigia kwa namba usiyoijua, akakuuliza majina yako, hata akijifanya ni mimi, kata simu." Akaitika, "Haya baba Neema, nimesikia." Kumbe alisikia kweli.

Jumatano ikaingia simu, namba ngeni. Sauti nzito, hakuna hata salamu: "Wewe, una gunia lako huku Mbezi, linatuzibia njia, njoo ulitoe."

Ningetumia akili kidogo ningejua. Karani wa mizigo wa kweli hajawahi kumwita mtu mpendwa tangu mabasi yalipoanza kupakia magunia. Anakufokea kwa sababu mzigo anao, uko miguuni pake, umemkwaza. Ila mimi nilikuwa mwalimu. Nikamwambia tapeli mkubwa, mwizi wa mchana, nakuripoti 15040 sasa hivi, na mengine ambayo Neema alifunga dirisha ili jirani asisikie. Akakata.

Jioni mama mkwe akauliza kama mchele tumeupokea.

Alhamisi nikaenda kituo cha Magufuli, pale Mbezi Luis, simu imezima kwa sababu umeme ulikatika usiku kucha. Mke wangu yuko msibani Tanga. Gunia nililiona kwa macho yangu, limeandikwa kwa maka peni: BABA NEEMA, KIVULE, DAR.

"Ni langu hili," nikasema.

Karani akanyanyua kichwa taratibu. "Hebu ongea tena."

Sauti alikuwa ameishika. Akaomba kitambulisho, nikampa cha NIDA. Akakigeuza huku na huku. "Hapa sioni Baba Neema." Nikamwambia apige hiyo namba ya mpokeaji, itaita mfukoni mwangu. Akapiga. Haipatikani. Akasema, "Haya mpendwa mteja, taja majina ya aliyetuma."

Miaka yote hii namwita mama. Kwenye simu nimemwandika Mama Mkwe. Jina lake, wallahi, silijui.

Karani akapiga namba ya mtumaji iliyokuwa kwenye gunia, akanipa simu yake. Foleni nyuma yangu ikanyamaza yote. "Shikamoo mama, mimi baba Neema. Samahani sana mama, hivi majina yako kamili ni nani?"

Kimya. Halafu: "Mkwe wangu alishaniambia mtakuja! Hamna haya! Baba Neema mzima aniulize jina?" Akakata. Tulipopiga tena haikuita kabisa.

Karani akaliburuta gunia akalirudisha ndani, akasema nije na binti yake huyo mama. Mke wangu anarudi Jumapili. Kulihifadhi ni elfu moja kwa siku.