Waachieni Watu Milango Yao

Tuseme mashine ya kumhamisha mtu papo kwa papo imeshakamilika. Unabonyeza kitufe uko huku, unafumbua macho uko kule, umevuka bahari bila chombo wala tiketi. Wanaoitamani huwaza safari: kumjulia hali mzazi aliye mbali jioni, kisha kurudi kulala kwako. Mimi huwaza komeo la mlango. Komeo lina maana kwa sababu anayetaka kuingia hana budi kupita mlangoni. Mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga, akahamia mji mwingine, akabadilisha namba ya simu na kufuli la chumba, analindwa na vitu viwili tu, ukuta na umbali. Mpe yule mume mashine hiyo, na kufumba na kufumbua amesimama kando ya kitanda.

Ukiziangalia vizuri hadithi za sayansi ya kubuni, karibu kila chombo chake cha ajabu kinaondoa kizuizi fulani. Kimoja kinafuta umbali, kingine usahaulifu, kingine kifo, kingine kinapenya ngozi au fuvu la kichwa. Msimulizi hutuonyesha kizuizi kile kama adui, nasi tunashangilia kinapoanguka. Ni mara chache anapogeuka kuangalia upande wa pili wa ukuta, kuona ulikuwa umezuia nini. Nimezisoma hadithi hizi tangu utotoni na bado nazipenda sana. Lakini siku hizi siwezi kumaliza hata moja bila kujiuliza swali hilo, hasa kwa kuwa baadhi ya vyombo hivyo vimeanza kutoka vitabuni na kuingia hospitalini na maabara.

Tubaki kwanza kwenye umbali. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru watu waliotoka kwenye maeneo yenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuruhusiwa kuingia. Baadaye muda huo ukafika siku 40, na kutokana na neno la Kiitalia la arobaini, quaranta, ndipo tulipopata karantini. Watu wale hawakujua bakteria ni nini. Walichojua ni kwamba muda humfichua mgonjwa, na enzi zile safari yenyewe ilikula muda mwingi. Aliyepanda merikebu akiwa na homa mara nyingi alikuwa ama amepona ama amekufa kabla ya kuona bandari.

Ndege iliupunguza muda huo, na tukaona matokeo yake. Februari 2003 mgonjwa mmoja wa SARS, homa kali ya mapafu inayoambukiza, alilala katika hoteli moja Hong Kong, na wageni wenzake wakaubeba ugonjwa hadi Kanada, Singapore na Vietnam. Hata hivyo ndege ina uwanja wa kutua, ina orodha ya abiria, ina saa kadhaa ambazo mtu anaweza kuanza kukohoa. Katika dunia ya kitufe, aliyeambukizwa jana usiku amepita mabara matatu kabla ya adhuhuri, bila mwenyewe kujua kwamba anaumwa. Utamfunga karantini wapi mtu ambaye hapiti popote?

Kisha kuna mwili wenyewe. Mtu wa kilo 70 ana atomu zinazokadiriwa kuwa 7 ikifuatwa na sifuri 27. Kuugeuza mwili huo wote kuwa nishati, kwa hesabu ile ile ya Einstein, ni kuachia nguvu ya takriban mabomu 100,000 ya kiasi cha lile lililoangushwa Hiroshima. Bila shaka hakuna mhandisi atakayekubali. Atasema tutume taarifa tu, mwili ujengwe upya kule kwa atomu nyingine. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mwaka 1997 wanafizikia wa Innsbruck, Austria, walifanikiwa kuihamisha hali ya fotoni moja, chembe ya mwanga, na kanuni ya jambo hilo ni kwamba hali ya mwanzo haibaki pale ilipotoka. Kwa fotoni hakuna anayelia. Kwa mtu, maana yake ni kwamba aliyesimama huku ameangamizwa, na aliyefika kule ana kumbukumbu zako zote, ana kovu lako la utotoni, na ataapa kwa dhati kuwa yeye ni wewe. Ndugu zako watampokea kwa furaha. Aliyekufa hatakuwepo kueleza kilichomfika.

Vipo vyombo vingine ambavyo fizikia inavimaliza mapema, navitaja harakaharaka. Mtu asiyeonekana angekuwa kipofu, kwa sababu jicho linaona kwa kuunasa mwanga kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho, na mwanga ukipita moja kwa moja bila kunaswa hakuna kinachoonekana. Mwenye mashine ya kurudi nyuma kwa wakati naye ana shida ya mahali: dunia inalizunguka jua kwa kasi ya karibu kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo akirudi saa moja tu nyuma bila kusogea, atajikuta angani, zaidi ya kilomita 100,000 kutoka pale dunia ilipokuwa. Na akifika salama, ataingia katika zama za ndui bila kinga, maana baada ya ugonjwa huo kutangazwa kutokomezwa mwaka 1980 watu wa kawaida hawachanjwi tena. Wenyeji wake nao wataonja vijidudu ambavyo miili yao haijawahi kukutana navyo, kama ilivyowapata wakazi wa mabara ya Amerika baada ya Wazungu kufika mwaka 1492.

Hayo mtunzi hodari anaweza kuyakwepa kwa aya moja ya maelezo. Yanayoninyima usingizi ni yale ya chombo kinachofanya kazi sawasawa, kama kilivyoahidiwa.

Chukua dawa ya kutokufa. Sijui mtu asiyewahi kuitamani, angalau kwa ajili ya mtu mmoja anayempenda, nami ni miongoni mwao. Lakini dawa hiyo haitaanzia kwa mtu huyo. Itaanzia kwa wenye uwezo wa kuipata kwanza, na historia inatuambia kifo kiliwahi kufanya kazi ambayo hakuna mahakama wala uchaguzi uliyoiweza. Stalin, dikteta wa Muungano wa Kisovieti, alifariki tarehe 5 Machi 1953. Kabla mwezi huo haujaisha ulitolewa msamaha uliowafungulia wafungwa zaidi ya milioni moja. Siku moja mlinzi anaitwa ofisini, anarudi na karatasi, na mtu aliyekuwa akihesabu siku za kifungo chake anaambiwa akusanye vitu vyake. Hispania nayo ilisubiri dikteta wake, Franco, afe hadi Novemba 1975, na mwaka 1977 watu wakapiga kura huru. Mamilioni ya watu waliishi kwa tumaini moja tu, kwamba yule bwana mkubwa naye ana mwili kama wetu. Siwezi kushangilia chombo kitakachowanyang'anya wanyonge tumaini hilo.

Usahaulifu nao tunauonea. Katika hadithi kuna kifaa kinachorekodi kila unachokiona na kukisikia na kukurudishia upya wakati wowote, na watu hukiita zawadi. Tunaye mtu wa kumuuliza. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha habari za mwanamke anayeweza kukumbuka karibu kila siku ya maisha yake tangu utotoni. Umtajie tarehe, atakuambia ilikuwa siku gani, alikuwa wapi na alifanya nini. Mwenyewe ndiye aliyewaandikia watafiti kuomba msaada, akisema kwamba wengine huuona uwezo huo kuwa kipaji ilhali kwake ni mzigo unaomchosha. Ninamwelewa. Kusamehe kwa sehemu kubwa kunategemea maneno makali kupoteza makali yake kadiri siku zinavyopita. Wanandoa waliogombana miaka minane iliyopita leo wanakumbuka kwamba waligombana, basi. Wape rekodi yenye sauti, na kila ugomvi mpya utaanza kwa kuurudia wa zamani neno kwa neno.

Na ngozi? Hapa hatubuni tena. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kifaa cha kuwarejeshea nuru watu waliopofuka kwa ugonjwa wa retina: elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme, zilizopachikwa ndani ya jicho, na miwani yenye kamera inayozipelekea picha. Watu zaidi ya 350 duniani walifanyiwa upasuaji huo. Hawakupata kuona kama tunavyoona wengine, walipata vimulimuli vya mwanga, lakini kwa mtu aliyekaa gizani miaka mingi, kuutambua ukingo wa mlango au umbo la mtu anayemkaribia ni jambo kubwa. Simdharau yeyote aliyelilia nafasi hiyo. Ningeililia mimi pia.

Kisha biashara ikayumba. Kufikia 2020 kampuni ilikuwa imeacha kuyatengeneza macho hayo, fedha zimekatika, wafanyakazi wengi wameachishwa kazi. Fikiria kamera ya miwani yako imekufa, na aliyekuwa na vipuri hayupo. Mmoja wa watumiaji alihitaji kipimo cha MRI, kinachopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku kali, na hakupatikana mtu wa kampuni wa kuwaeleza madaktari kama kilichomo jichoni mwake kingehimili sumaku ile. Mwingine, hata kabla ya hayo, alikuwa karibu kushuka ngazi za stesheni ya treni za chini ya ardhi New York pale kifaa chake kilipolia mlio mdogo, kisha mwanga ukafifia na kuzimika. Alibaki pale kwenye ngazi, watu wakimpita.

Hadithi za nusu mtu nusu mashine hujaa mapigano na nguvu za ajabu, na sijakutana na hata moja inayokaa na mtu huyo pale kwenye ngazi. Yeye ndiye anayetufaa. Kitu kikishaingia chini ya ngozi, uhai wake umefungwa na mkataba, programu, vipuri na uamuzi wa watu wanaokutana katika chumba ambacho mgonjwa haingii. Nikinunua redio, aliyeitengeneza akifilisika, ninaitupa. Jicho silitupi. Ningependa iwe sheria kila mahali kwamba anayepachika kifaa mwilini mwa mtu aweke akiba ya kukihudumia, na michoro yake ikabidhiwe kwa mwingine siku atakaposhindwa, kabla hata ya mgonjwa wa kwanza kulazwa mezani.

Fuvu nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalonigusa zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walieleza jinsi walivyoweza kukisia kiini cha maneno anayoyasikia au kuyawaza mtu kwa kusoma mtiririko wa damu ubongoni kwa mashine ya MRI. Wakati huo ilihitaji mtu akubali mwenyewe, alale ndani ya mashine kwa saa nyingi ili programu imzoee, na washiriki waliweza kuivuruga kwa kutaja majina ya wanyama au kujisimulia hadithi nyingine moyoni. Chile ilishaliona jambo hili likija. Mwaka 2021 iliibadilisha katiba yake ili shughuli za ubongo na taarifa zake zilindwe. Nawapongeza kwa dhati, kwani sheria nyingi huja baada ya watu kuumia.

Wanaotetea kusoma mawazo husema kwamba tutaacha kudanganyana. Wanachukulia kuwa wazo ndilo mtu wa kweli na neno ni kinyago chake. Siamini hivyo, na sababu yangu ni usiku mmoja.

Bibi yangu mzaa mama alikaa kitandani miezi yake ya mwisho, na zamu za usiku zilikuwa zangu. Kumgeuza kila baada ya muda ili asipate vidonda. Kubadilisha shuka. Kumpa maji kwa kijiko, kwa sababu kikombe kilimpalia. Usiku huo ilikuwa yapata saa tisa, nilikuwa nimelala kidogo sana kwa siku tatu, na kijiko kikiwa kinywani mwake likanipita wazo: na yaishe sasa. Lilikuwa na maneno kamili, kama ninavyoyaandika hapa. Mashine ingelisoma bila kukosea herufi, ikamwambia kwamba mjukuu wake anataka afe.

Wazo lile sikuliita, na sikulifuata. Nilichokichagua ni kukaa pale, kufuta maji yaliyomdondoka kidevuni na kuchota kijiko kingine. Ukiniuliza ni kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa changu, nitakuonyesha kijiko. Bado nashukuru kwamba kati ya kichwa changu na sikio lake kulikuwa na mfupa.

Alinitazama muda mrefu kwenye mwanga wa taa.

"Umechoka, mjukuu wangu."

"Sijachoka, Bibi."

"Haya," akasema, na akaomba nimgeuze upande wa dirishani. Nikamgeuza.