Uwanja wa 75m: sura ya 1981, kanuni za leo

Wachezaji wa Super Smash Bros., gemu ya kupigana ya Nintendo, wamebishana juu ya uwanja wa 75m tangu ulipoingia katika toleo la Brawl mwaka 2008. Uwanja huo ni nakala ya hatua moja ya Donkey Kong, gemu ya Nintendo ya mwaka 1981 iliyochezwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu: nyuma ni weusi mtupu, mbele kuna vyuma vya jengo, ngazi, lifti zinazopanda na kushuka, na juu kabisa sokwe Donkey Kong mwenyewe. Nambari 75 ni mita ambazo Mario, mhusika anayeongozwa na mchezaji, amekwisha kupanda.

Wanaoutetea wana hoja isiyopaswa kubezwa. Smash ni gemu ya kupigana, lakini pia ni makumbusho ya Nintendo, na kijana ambaye hajawahi kuona mashine ya sarafu anapata kusimama ndani ya skrini ile yenyewe, yenye nukta kubwa zilizoachwa na kona zake bila kulainishwa. Tena si kila pambano ni la kombe. Watu wanne wakiwa sebuleni, springi inayodunda na kumwangukia aliyekuwa akiongoza ni kicheko, wala hakuna atakayelalamika kwamba ameonewa.

Wapinzani nao wanaanzia hapohapo kwenye springi. Katika pambano la wawili wenye ujuzi, kitu kinachompiga yeyote bila kujali nani amecheza vizuri kinaharibu hesabu nzima. Kibaya zaidi ni ukubwa wa uwanja: mwenye mbio akishapata pigo moja la kutangulia anaweza kuzunguka vijukwaa na ngazi mpaka muda uishe, huku mwenzake akimfukuza bila kumfikia. Ndiyo maana hautumiki katika mashindano.

Kwa maoni yangu, kosa haliko katika ukale wake. Katika gemu ya 1981, Mario aliruka chini-chini, na akianguka umbali unaozidi kidogo kimo chake alikufa. Kila pengo kati ya lifti na kijukwaa lilikuwa na uzito kwa sababu hiyo. Mpiganaji wa Smash huruka, kisha huruka tena akiwa hewani, na anaweza kudondoka kutoka juu hadi chini asipate hata mkwaruzo. Kwa hiyo mapengo yaleyale yaliyokuwa ya kutisha yamegeuka kuwa usumbufu wa njiani, na ngazi zimebaki kuwa za wavivu. Waundaji walinakili ramani, lakini hofu iliyoipa ramani hiyo maana haikuja nayo.

Linganisha na Flat Zone ya toleo la Melee la 2001, iliyochotwa kwenye vigemu vya mkononi vya Game & Watch. Humo zana za fundi huanguka kutoka juu kama katika Helmet, kimojawapo cha vigemu hivyo, na kanuni ya zamani, yaani kutazama juu huku ukitembea, bado inafanya kazi. Uwanja wenyewe umebana mno, nao haukubaliki mashindanini, lakini angalau unamfanya mtu acheze cha kale badala ya kukitazama tu. Duck Hunt, uwanja uliotokana na gemu ya zamani ya kuwinda bata na ulioingia mwaka 2014, ulikwenda mbali zaidi: ardhi tambarare, mti, kichaka, na mbwa anayechomoza nyasini ambaye unaweza hata kumkanyaga. Huo uliwahi kuruhusiwa katika mashindano, ingawa waliojibanza mtini walikera wengi.

Tangu 2014 kuna umbo la Omega linalougeuza uwanja kuwa tambarare moja, na toleo la Ultimate la 2018 likaongeza swichi ya kuzima hatari za uwanja, kama zile springi. Wengi huona kuwa ugomvi umeishia hapo. Mimi sioni hivyo, kwa sababu Omega ya 75m inaiacha Donkey Kong ibaki pazia la nyuma tu. Nikicheza na wapwa zangu tukiwa wanne, naiacha 75m na springi zake zote. Tukibaki wawili, hatuigusi.