Hali ya hewa nayo ni habari jamani

Hivi kwa nini taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikifika tu kwenye hali ya hewa ndo kila mtu anataka rimoti? Hapa kijiweni Kirumba, Mwanza, tunavumiliaga yote, mgeni rasmi wa kwanza, wa pili, "amewataka wananchi", "ametoa wito", makofi, semina, bango la nyuma lina maneno kibao, watu kimyaa wanaangalia, sasa ramani ndo inatokea, hata Kanda ya Ziwa hatujafikiwa, jamaa mmoja anaanza "weka mpira weka mpira" na mwenye tivii nae anabonyeza. Mechi yenyewe marudio!

Jamani kuna mama zetu huko wameanika dagaa, mvua ikipiga kabla hawajakauka mzigo umekwisha, unauzwa bei ya chakula cha kuku. Kuna watu alfajiri wanavuka ziwa kwenda kisiwani Ukerewe. Tunataka kujua upepo na mawimbi tu, dakika mbili hazifiki. Na asiniambie mtu niangalie kwenye simu, bando lenyewe mnaombaga kwangu.