Muziki wa Filamu: Je, Unaweza Kuishi Bila Picha?

Watu wa Mombasa wanayajua mahadhi mengi ya filamu ambazo hawajapata kuzitazama. Katika harusi za Mji wa Kale na za Majengo zingali zinaimbwa taarabu ambazo mahadhi yake yalitungwa Bombay miaka ya 1950 na 1960, na anayeimba pamoja na msanii huenda asijue jina la filamu, wala la mwigizaji, wala asiwe na neno hata moja la Kihindi. Hali hiyo inatupa nafasi nzuri ya kulichunguza swali ambalo wapenzi wa muziki wamelijadili kwa muda mrefu: je, muziki wa filamu ni sanaa inayojitosheleza, inayostahili kusikilizwa picha ikiwa imezimwa, au ni mtumishi wa picha ambaye nje ya nyumba ya bwana wake hana kazi? Kila upande una hoja nzito. Naamini, hata hivyo, kwamba jibu linategemea zaidi jambo moja ambalo wabishani wengi hulipita haraka, nalo ni kipi kilichotangulia kukamilika, muziki au picha.

Wanaosema kwamba muziki huu hauwezi kutenganishwa na picha wana mifano ambayo ni vigumu kuipinga. Bernard Herrmann alipoitungia muziki filamu ya Psycho ya mwaka 1960 alitumia ala za nyuzi peke yake, na kwa lile tukio la mauaji bafuni Alfred Hitchcock alikuwa amependelea kusiwe na muziki wowote. Herrmann akatunga hata hivyo, na mwongozaji aliposikia akabadili nia. Leo zile fidla zinazolia kwa ukali zinakumbukwa kuliko hata kisu chenyewe. Lakini mtu asiyejua ni nani anayeuawa, akizisikia zikiwa peke yake, atasikia mlio mkali unaorudiwarudiwa, basi. Ndivyo zilivyo pia zile noti mbili za John Williams katika Jaws ya mwaka 1975, ambazo nguvu yake inatokana na kwamba kwa muda mrefu papa haonekani, na muziki ndio unaotuambia kuwa anakaribia. Kwa mujibu wa hoja hii, anayedai kuupenda muziki wa filamu anapenda kumbukumbu ya tukio, na sauti inamrudisha huko tu.

Hoja hiyo ina mzizi katika namna kazi inavyofanyika. Kwa kawaida Hollywood humwita mtunzi wakati picha imekwisha kukatwa na kuunganishwa. Yeye na mwongozaji hukubaliana muziki uingie wapi na utoke wapi, kisha hutunga kwa kuhesabu sekunde: hapa mlango unafunguliwa, hapa mtu anageuka, hapa maneno ya waigizaji yasifunikwe. Muziki unaotungwa hivyo haupati uhuru wa kulikuza wazo lake hadi likomae, kwa sababu hukatizwa pale tukio linapokatizwa. Ndiyo maana albamu nyingi za muziki wa filamu, zikisikilizwa mwanzo hadi mwisho, huchosha baada ya vipande vichache, hata kama filamu yenyewe ilitusisimua. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kazi iliyotungwa ili isikike chini ya mazungumzo, ikafaulu kusikika hivyo, imetimiza wajibu wake, na si haki kuitaka isimame peke yake jukwaani.

Sinema ya India ilishika njia ya kinyume, na hapa ndipo Mombasa inapoingia. Kuanzia mwaka 1935 watengenezaji wa filamu za Kihindi walianza kurekodi nyimbo studioni kwanza, zikiimbwa na waimbaji ambao mtazamaji hatawaona, kisha siku ya kupiga picha rekodi ile ikachezwa na mwigizaji akaifuatisha kwa midomo. Kwa utaratibu huo, picha ndiyo inayoufuata wimbo. Isitoshe, wimbo huo ulipaswa kuuzwa madukani kwenye santuri ya mizunguko 78, ambayo upande wake mmoja ulichukua takriban dakika tatu, kwa hiyo mtunzi alilazimika kuweka utangulizi, kiitikio, beti na mapumziko ya ala katika umbo fupi lenye mwanzo na mwisho wake. Kabla kamera haijawashwa, kazi ya muziki ilikuwa imekamilika. Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi na Mukesh walijulikana kwa mamilioni ya watu kwa sauti zao tu, na Naushad aliweza kuitungia filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952 nyimbo zilizojengwa juu ya raga, yaani mifumo ya noti ya muziki wa jadi wa kaskazini mwa India, ambazo hata mtu asiyejali hadithi anaweza kuzisikiliza kwa ajili ya raga hizo.

Ubishi wenyewe ulikuwako hata India. Mwaka huohuo wa 1952 waziri aliyesimamia utangazaji, B. V. Keskar, aliyeona kwamba nyimbo za filamu zinashusha hadhi ya muziki wa taifa, alizibana katika redio ya serikali. Wasikilizaji hawakubishana naye; walihamia Radio Ceylon, redio ya nchi ambayo leo ni Sri Lanka, iliyokuwa ikizirusha nyimbo hizo, hadi mwaka 1957 redio ya serikali ilipoanzisha idhaa ya Vividh Bharati na kuzirudisha. Wasikilizaji hao walikuwa wakiupenda wimbo wakiwa mbele ya redio, ambako hakuna picha. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa kuliko nadharia yoyote.

Mombasa ilikwenda mbali zaidi. Filamu za Kihindi zilipokuwa zikijaza kumbi za Regal, Naaz na Majestic, waimbaji wa taarabu waliyachukua mahadhi yake, wakayaondolea maneno ya Kihindi na kuyavika mashairi ya Kiswahili. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ndiye jina kubwa kuliko yote katika mtindo huo, na nyingi za tungo alizoziimba zilitoka kwa binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ingali inasomwa. Maulidi Juma naye alijenga sehemu kubwa ya sifa yake juu ya mahadhi hayo. Anayedhani kwamba hiyo ilikuwa kazi nyepesi hajajaribu kuifanya. Wimbo wa Kiswahili wa kawaida una mishororo mitatu kwa ubeti, kila mshororo ukiwa na mizani 16 iliyogawanyika katika vipande viwili vya mizani 8, na vina vya kati na vya mwisho. Mahadhi ya Kihindi yana vipimo vyake vingine. Malenga anapaswa kupata maneno ambayo mkazo wake utaangukia pale sauti inapopanda, ambayo irabu zake zitavutika pale mwimbaji anapokaa juu ya noti moja, na ambayo bado yatabeba fumbo ambalo wasikilizaji wa pwani wanalitarajia. Yakifanikiwa, mapenzi ya mwigizaji wa Bombay yanageuka kuwa nasaha ya mzee kwa kijana, au lawama ya jirani kwa jirani, na mahadhi hayatetereki.

Wapinzani wa taarabu ya Kihindi wana neno pia, na linastahili kusikilizwa kwa makini. Wanasema kwamba mtunzi wa mahadhi hatajwi, hivyo msikilizaji humsifu mtu mmoja kwa kazi ya wawili. Wanasema pia kwamba urahisi wa kupata mahadhi yaliyokwisha kupendwa uliwafanya baadhi ya wasanii waache kutunga yao, wakati pwani hii ilikuwa na akina Zein l'Abdin, fundi wa udi mwenye asili ya Lamu, aliyeonyesha kwamba mtu anaweza kuchota katika mahadhi ya Kiarabu na katika ngoma za hapahapa akapata kitu chake mwenyewe. Shutuma ya kwanza naikubali bila sharti: jina la Naushad au la watunzi wawili Shankar-Jaikishan lilistahili kutajwa karibu na la malenga. Ya pili naikubali nusu. Kuazima kulikuwa tabia ya muziki wa filamu wenyewe. Salil Chowdhury, katika filamu ya Chhaya ya mwaka 1961, aliujenga wimbo mzima juu ya mwanzo wa simfonia ya 40 ya Mozart, na hakuna anayesema kwamba Chowdhury hakuwa mtunzi. Kinachopimwa ni alichokiongeza mwenye kuazima, na mashairi ya Ahmad Nassir si nyongeza ndogo.

Tukiri lakini kwamba kitu kilipotea njiani. Studio za Bombay zilikuwa na orkesta zenye makumi ya wapiga fidla, na kikundi cha harusi hapa kilikuwa na kinanda, tabla, tashkota (ala ya nyuzi yenye vibonye) na labda gitaa. Mahadhi yalivuka bahari salama, upangaji wa ala haukuvuka. Anayeujua wimbo kwa taarabu peke yake hajausikia ule ukubwa wa sauti ambao Naushad aliutafuta katika Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, na ningemshauri asikilize rekodi zote mbili, moja baada ya nyingine, kabla ya kuamua ipi anaipenda.

Je, basi muziki unaotangulia picha ndio pekee unaoweza kuishi bila picha? Ennio Morricone anaelekea kuthibitisha hivyo, kwa sababu muziki wa Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968 aliutunga kabla ya upigaji picha, na Sergio Leone akauchezesha mahali pa kazi ili waigizaji watembee kwa mwendo wake. Mwaka huohuo, hata hivyo, kulitokea kisa kinachotatiza kanuni hiyo. Alex North alikuwa ameitungia muziki 2001: A Space Odyssey, na Stanley Kubrick akautupa wote, akabaki na kazi za Richard Strauss, György Ligeti na wengine ambazo hazikutungwa kwa ajili ya filamu yoyote. Watu wengi leo hawawezi kuusikia ule mwanzo wa Also sprach Zarathustra ya Strauss bila kuona sayari. Muziki uliokuwa huru kwa zaidi ya miaka sabini ulifungwa na picha, wakati muziki wa North, uliotungwa kwa ajili ya picha hiyo, ulikuja kurekodiwa mwaka 1993 na sasa unasikilizwa peke yake, bila picha yoyote ya kuutetea. Kisa hicho kinanifanya nipunguze uhakika wangu: kutangulia kunaupa muziki nafasi ya kusimama peke yake, lakini hakuulindi na picha yenye nguvu.

Nguvu hiyo ya picha inatugusa Wakenya kwa namna ya pekee katika Out of Africa ya mwaka 1985, filamu ya mwanamke wa Kizungu mwenye shamba nchini Kenya na mpenzi wake mwenye ndege, ambayo muziki wake ulimpatia John Barry tuzo ya Oscar. Mahadhi yake makuu, yanayobebwa na ala za nyuzi kwa mwendo wa polepole wakati ndege ikipita juu ya nyika, ni mazuri, na sioni sababu ya kulikana hilo. Lakini yakiwa pamoja na picha yanaitazama nchi hii kutoka juu, kwa jicho la mgeni, na muziki wa wenyeji unasikika kwa uchache tu. Ludwig Göransson alifanya vingine kwa Black Panther ya mwaka 2018: alisafiri Senegal, akafuatana na mwimbaji wa huko, Baaba Maal, katika ziara yake, na sauti ya Maal pamoja na ngoma ya tama zikawa kiini cha muziki uliopata Oscar mwaka uliofuata. Ndani ya filamu, kazi ya Göransson ni ya uaminifu zaidi kwa Afrika, ingawa nchi inayoisimulia haipo. Nje ya filamu mizani inabadilika. Mahadhi ya Barry, yakisikilizwa picha ikiwa imezimwa, hayasemi tena lolote la uongo kuhusu Kenya, wala hayamilikiwi na mwenye shamba wala na mwenye ndege. Yanabaki kuwa muziki wa huzuni uliopangwa kwa ustadi mkubwa, na malenga wa Mombasa mwenye sikio zuri angeweza kuyavika beti za Kiswahili kesho.