Kishikwambi Kikifika Mwaka wa Nne

Septemba 2013 wilaya ya shule za umma ya Los Angeles ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kugawa iPad. Lengo lilikuwa kila mwanafunzi awe na yake, na gharama nzima, ukijumlisha vifaa na kuboresha mtandao wa shule, ilikadiriwa kufika dola bilioni 1.3. Haukupita muda, wanafunzi wa sekondari ya Theodore Roosevelt wakagundua kwamba ukiingia kwenye mipangilio na kufuta wasifu wa udhibiti (profile) uliowekwa na wilaya, uzio wote wa tovuti unaanguka. Hapakuhitajika ujuzi wa udukuzi, ni kubofya mara mbili tatu tu. Wanafunzi kama 300 katika shule tatu walifanya hivyo, wakaingia Facebook na YouTube, na wilaya ikaanza kukusanya vifaa ilivyotoka kuvigawa. Agosti 2014 mkataba ukasimamishwa. Oktoba mkuu wa wilaya hiyo, John Deasy, akajiuzulu. Desemba maofisa wa FBI wakaondoka na maboksi ya nyaraka za zabuni, ingawa mwishowe hakuna aliyeshtakiwa.

Wanaopinga vifaa vya kidijitali shuleni huanza na kisa hiki kabla ya kingine chochote. Mimi nakiona kuwa ushahidi dhaifu kuliko wanavyodhani. Kilichoanguka Los Angeles ni ununuzi. Masomo ya kidijitali ya kampuni ya vitabu ya Pearson yaliyolipiwa pamoja na vifaa yalifika yakiwa nusu nusu, walimu wakakabidhiwa kitu ambacho wao wenyewe walikuwa hawajakizoea, na mradi ukafa kabla mtu hajapata nafasi ya kujua kama watoto wangejifunza zaidi au la. Ukitaka kupima hoja yenyewe, tafuta mahali ambako vifaa vilikaa.

Jimbo la Maine, Marekani, kwa mfano. Gavana Angus King aliusukuma mpango wa kompyuta mpakato kwa kila mwanafunzi wa darasa la saba, na mwaka 2002 zaidi ya watoto 17,000 wakapewa. Hoja yake haikuwa ya madaha ya teknolojia. Ilikuwa ya usawa: mtoto wa mvuvi na mtoto wa wakili wafungue mashine ya aina moja, kwenye dawati la aina moja. Hoja hiyo ilipata nguvu mpya 2020, shule zilipofungwa dunia nzima na zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 wakabaki nyumbani. Mwaka huo huo UNICEF na shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, wakakadiria kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 17 hawakuwa na intaneti nyumbani. Wilaya iliyokuwa imeshagawa vifaa iliweza walau kuendelea na somo. Nyingine zilibaki kupiga chapa makaratasi na kuyapeleka milangoni. Anayesema vifaa ni anasa tupu ana deni la kujibu hapo.

Halafu kuna kuandika. Uchambuzi uliochapishwa 2016, uliounganisha tafiti 10 za madarasa ambamo kila mwanafunzi ana kompyuta yake, ulikuta faida ndogo lakini ya kweli, na kuandika ni mojawapo ya maeneo ilikoonekana. Sishangai. Mtoto aliyeandika insha kwa kalamu, akaambiwa aya ya pili ingekaa vizuri mwanzoni, ana njia mbili: ainakili upya insha nzima au ajifanye hakusikia. Wengi hujifanya hawakusikia. Kwenye skrini aya inahamishwa kwa kidole, kwa hiyo anajaribu, anasoma, anairudisha. Anajifunza kuhariri kwa sababu kuhariri hakumchoshi mkono.

Upande wa pili una ushahidi wake, na mzito zaidi unatoka Peru. Nchi hiyo ilinunua kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 za mradi wa mtaalamu wa teknolojia wa Marekani, Nicholas Negroponte, uliotaka kila mtoto awe na mpakato wake. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikafuatilia shule za msingi 319 za vijijini kwa miezi kama 15. Kabla ya mradi palikuwa na kompyuta moja kwa takriban wanafunzi wanane. Baadaye kila mwanafunzi akawa na moja na ziada kidogo. Matokeo ya hisabati na lugha? Hayakusogea. Watoto walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya jumla vya kufikiri, na kompyuta walizizoea upesi, lakini somo la darasani lilibaki lilivyokuwa. Karibu shule zote hizo hazikuwa na intaneti, na mwalimu aliendelea kufundisha ubaoni kama jana.

Mimi huisoma Peru sambamba na Uruguay. Nayo ilianza 2007, kwa mashine zile zile, na kufikia 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya umma alikuwa na yake. Tathmini za miaka ya mwanzo zilikuta jambo lile lile: hisabati na kusoma havikupanda. Tofauti ni kwamba Uruguay haikuishia kwenye kugawa. Iliunda taasisi ya kudumu, Ceibal, yenye kazi ya kufikisha intaneti shuleni, kutengeneza mashine na kufundisha walimu. Mwaka 2012 ikaanza somo la Kiingereza kwa njia ambayo kwangu ndiyo matumizi ya akili kuliko yote niliyowahi kusoma. Mwalimu wa Kiingereza anaonekana kwenye skrini kubwa kutoka mbali, pengine nchi nyingine kabisa. Mwalimu wa darasa, ambaye huenda Kiingereza chake mwenyewe ni cha kubabaisha, anakaa na watoto, anasimamia mazoezi, anajifunza pamoja nao. Hapo teknolojia ilipewa kazi moja ambayo nchi ilikuwa haina watu wa kuifanya, na bado mtu mzima alibaki ndani ya chumba.

Delhi inatoa funzo linalofanana na hilo. Utafiti uliochapishwa 2019 ulipima programu iitwayo Mindspark, waliyoitumia wanafunzi katika vituo vya baada ya masomo. Programu haikujali mtoto yuko darasa la ngapi. Ilimpima kwanza, ikaanzia alipo. Mwanafunzi wa darasa la nane ambaye hisabati yake ni ya darasa la nne alipewa maswali ya darasa la nne bila mwenzake kujua wala kumcheka. Baada ya takriban miezi minne na nusu wanafunzi walikuwa wamepiga hatua kubwa, hisabati hasa, na waliokuwa nyuma ndio walioonekana kunufaika zaidi wakilinganishwa na wenzao wa kiwango chao. Lakini angalia masharti yake: kompyuta zilikuwa za kituo, hazikwenda nyumbani, na palikuwa na msaidizi wa kibinadamu akiwafundisha kwa vikundi.

Kwa hiyo swali la "vifaa vinasaidia au havisaidii" halijibiki. Ni sawa na kuuliza kama karatasi inasaidia.

Tena, kuna mambo ambayo karatasi bado inashinda. Uchambuzi wa 2018 uliokusanya tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000, ulionyesha kwamba msomaji wa maandishi ya maelezo huelewa zaidi akisoma karatasini kuliko kwenye skrini, hasa akiwa anakimbizana na saa. Wakuu wa Uswidi, nchi iliyowahi kujivunia madarasa ya kidijitali, walitenga fedha mwaka 2023 kurudisha vitabu vya kiada vya karatasi. Wilaya inayofuta bajeti ya vitabu ili inunue vishikwambi inauza shoka inunue msasa.

Sasa tuingie darasani, kwa kuwa takwimu hazionyeshi dakika zinavyopotea. Chukua kipindi cha dakika 40, wanafunzi 32, toroli la kuchajia lina nafasi zenye namba. Mwalimu anasema wachukue vifaa. Kuna msongamano kwenye toroli kwa dakika tatu. Watatu wamesahau nenosiri. Namba 17 haikuchomekwa vizuri jana, imezima. Namba 24 imeamua leo ndiyo siku ya kusasisha mfumo, na mstari wake unatambaa kama konokono. Mwalimu anakwenda huku na huko akiwa fundi, na wale 27 waliofungua tayari wamemaliza swali la kwanza na kuhamia kwenye michezo. Dakika 10 zimekwenda, robo ya somo. Programu iliyo bora kuliko zote haiwezi kurudisha robo hiyo kila siku. Katika mipango ya wilaya, mtu wa kuizuia hasara hii, yaani fundi anayekaa shuleni na siyo namba ya simu ya kupigia, ndiye huwa wa kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Jina la makala hii linatoka hapo. Betri za vifaa hivi hupungua uwezo zikishachajiwa mara mia kadhaa, na mara nyingi 500 hutajwa kuwa ndiyo alama ya kuanza kulegea. Siku za masomo ni kama 180 kwa mwaka. Fanya hesabu: kabla mwaka wa tatu haujaisha, kishikwambi kilichokuwa kikimaliza siku nzima kinaomba chaji saa sita mchana. Vioo vimepasuka, vifuniko vimetoka bawaba, na baadhi ya mashine zimeshakoma kupokea masasisho ya usalama ingawa zinawaka vizuri tu. Chromebook nyingi za zamani, yaani mpakato zinazotumia mfumo wa Google, zilikufa kifo hicho, mpaka Google ilipotangaza 2023 kwamba itazihudumia kwa miaka 10. Marekani ilitoa takriban dola bilioni 190 za dharura kwa shule katika awamu tatu za 2020 na 2021, wilaya nyingi zikanunua vifaa kwa mkupuo, na dirisha la fedha hizo likafungwa Septemba 2024. Vilivyonunuliwa pamoja huzeeka pamoja, na mfuko uliovinunua haupo tena.

Jambo moja linapitwa upesi mno kwenye mijadala hii: faragha. Mwaka 2010 wilaya ya Lower Merion, Pennsylvania, ilishtakiwa baada ya mwanafunzi kuitwa na uongozi na kuonyeshwa picha yake akiwa chumbani kwake, akituhumiwa kuwa na vidonge vya kulevya. Yeye alisema ni peremende. Kamera ya mpakato wa shule ilikuwa imewashwa kwa mbali, kwa mfumo uliowekwa ili kusaka mashine zilizopotea, na uchunguzi ukakuta mfumo huo umekusanya maelfu kwa maelfu ya picha. Kesi iliishia kwa malipo ya dola 610,000. Hakuna aliyepanga kupeleleza watoto. Palikuwa tu na kitufe, na hapakuwa na kanuni ya nani akibonye na lini.

Ningekuwa kwenye bodi ya wilaya ningepiga kura ya hapana kwa kifaa kimoja kwa kila mwanafunzi katika mwaka wa kwanza. Ningenunua matoroli machache kwa masomo mawili, kuandika na hisabati, ningewapa walimu mashine mwaka mzima kabla ya wanafunzi, na ningeweka mshahara wa fundi na fedha za kubadilishia vifaa kwenye bajeti ya kawaida, siyo kwenye msaada wa mara moja. Kama fedha hizo hazipatikani, basi wilaya haina uwezo wa kumiliki vifaa, hata ikipewa bure.

Msimamo huu una kovu lake na sitalificha. Toroli likifungwa jioni, mtoto asiye na kitu nyumbani anabaki pale pale alipokuwa, na ni huyo huyo ambaye King alimwona Maine. Kwake ningetenga vifaa vya kuazima pamoja na intaneti yake, kwa utaratibu wa maktaba: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, na kamera iliyozibwa.