Feni Haijafuliwa

Nati inayobana panga la feni ya kusimama hufungwa kinyume na nati nyingi unazozijua. Ukitaka kuikaza unazungusha kushoto, ukitaka kuilegeza unazungusha kulia. Si kosa la kiwanda. Ukiitazama feni kwa mbele, panga huzunguka kuelekea kulia, na kila swichi inapobonyezwa ile nati hubaki nyuma kidogo kwa uzito wake, kwa hiyo uzi wa kushoto unaifanya ijikaze yenyewe. Ingekuwa na uzi wa kawaida ingejifungua taratibu, na panga lingekufuata kitandani.

Nayasema haya mapema kwa sababu supamaketi niliyonunulia feni ya mama mkwe haikuwa na mtu hata mmoja aliyeyajua, na wote walivaa fulana zilizoandikwa mgongoni NIULIZE MIMI.

Jina la supamaketi silitaji. Mwanza mjini ni pakubwa, mwenye kujua atajua. Ilikuwa na matawi katika miji kadhaa: chini vyakula, juu nguo, vyombo na vifaa vya umeme. Zamani ukitaka kumwonyesha mgeni kutoka Ukerewe kwamba umefika mjini, unampeleka pale akapande ngazi ya umeme. Siku niliyokwenda, ngazi ya umeme ilikuwa ngazi tu.

Duka kubwa halifi kwa siku moja. Kwanza kinazimwa kiyoyozi. Halafu kati ya kaunta nane za kulipia inabaki moja, na chenji unapewa pipi. Halafu unakuta rafu ya mita sita imejaa siki ya aina moja, chupa zimepangwa mstari mmoja wa mbele, na ukipeleka mkono nyuma yake unagusa bati. Huko ndiko pa kutazama, si mbele. Maduka haya hupokea bidhaa kwa mali kauli: msambazaji analeta mzigo leo, analipwa baada ya siku 30, 60, wengine 90. Malipo yakichelewa anapunguza mzigo. Mzigo ukipungua mteja anakosa mkate, anahamia kwingine, na pesa ya kumlipa msambazaji inazidi kukosekana. Ndivyo Uchumi, supamaketi za Kenya, walivyofunga maduka yao ya Tanzania na Uganda mwaka 2015, na ndivyo Nakumatt, iliyowahi kuwa supamaketi kubwa kuliko zote Kenya, ilivyowekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Ya kwangu si mojawapo ya hizo, ila ugonjwa ni uleule.

Duka likishanyimwa mzigo linaanza kujila lenyewe. Mteja akirudisha blenda isiyo na mpira wa kisu, mpira unachomolewa kwenye boksi la blenda nyingine. Boksi hilo linafungwa vizuri kwa gundi ya karatasi na kurudishwa rafuni kumsubiri mtu kama mimi.

Feni iliandikwa 79,000 kwenye rafu. Kaunta mashine ikasoma 89,000.

“Mfumo ndio unavyosema, kaka.”

Nikamwonyesha picha ya bei ya rafuni niliyopiga kwa simu. Hii fanya popote, kabla hujaondoka kwenye rafu, kwa sababu ukirudi na mhudumu kile kikaratasi huwa kimeshadondoka chenyewe. Mfumo ukabadili mawazo.

Ikaja zamu ya kujaribu. Kijana wa kujaribia akatoa mota peke yake, akaichomeka, shafti ikazunguka bila panga. Akagonga muhuri: IMEJARIBIWA. Nikamwomba tufungue boksi lote. Akasema kufungua boksi lote ni ruhusa ya meneja, na meneja yuko kikaoni. Nikadai angalau risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa, nayo nikaipiga picha palepale. Karatasi ile huandikwa kwa joto; ukiiacha juani au ndani ya mfuko wa plastiki, baada ya miezi michache unabaki na kipande cheupe kisichodai chochote.

Igoma, sebuleni kwa mama mkwe, nikaifunga mbele ya watu. Kitako kwanza, halafu nguzo na skrubu yake, halafu mota juu. Wavu wa nyuma unakaa kwenye vijino vyake na kubanwa na nati pana ya plastiki, hii inakazwa kulia kama kawaida. Panga linaingia kwenye shafti hadi mfereji wake ukalie ile pini ndogo ya chuma. Baada ya hapo ni nati ya panga, na nati ya panga haikuwemo. Tukapekua boksi, tukavunjavunja yale maboya meupe ya kukinga mzigo, watoto wakatambaa chini ya makochi. Hakuna.

Nikasema isiwashwe. Nilipoaga tu, shemeji yangu akaiwasha. Bila nati panga linacheza kwenye shafti, na feni ikiinamishwa kidogo linateleza mbele na kukwangua wavu. Simu ya mama mkwe ikaita sijafika Buzuruga.

“Baba, shikamoo sitaki, nisikilize. Hii feni yako inasaga mahindi.”

Mimi ni fundi wa feni, pasi na redio, kibanda changu kiko Mabatini. Nina kopo zima la nati za panga: nyeusi, kijani, nyekundu. Shafti nyingi za feni hizi ni milimita 8, lakini uzi wa ncha unatofautiana kiwanda na kiwanda, na hii haikukubali hata moja. Hata ingekubali ningefanya nini? Feni nyeupe ya mkwe yenye nati ya kijani? Ningetaka kumpa cha kuungaunga ningempa bure, feni za wateja waliozitelekeza zimejaa kibandani mpaka nalala nazo. Mkwe hupelekewa kipya, chenye boksi, majirani waone. Tena feni mpya ukiigusa wewe, mwenye dhamana anakwambia umeshaichezea.

Basi nikalirudisha boksi mjini kwa daladala. Konda akalitoza nauli ya mtu mzima. “Limekaa kwenye siti, mjomba. Lilipe.”

Dawati la Huduma kwa Wateja lilikuwa juu, chini ya bango la MTEJA NI MFALME. Mbele yangu alikuwa mzee aliyekuja na pasi iliyoungua na risiti aliyoipeleka kwenye leminesheni ili isichakae. Leminesheni ya moto na karatasi ya joto havipatani. Risiti ilitoka nyeusi tii, imehifadhiwa milele. Dada wa dawati akaigeuza, akaielekeza kwenye taa, akauliza kwa heshima kabisa, “Mzee, hapa panasomekaje?”

“Soma wewe, mjukuu wangu. Mimi miwani nimeacha nyumbani.”

Zamu yangu ikafika. Nikaeleza: boksi, nati, kushoto, kulia. Dada akanisikiliza huku nywele zake zikipepea. Hapo ndipo nilipoiona. Pembeni ya dawati ilisimama feni ya inchi 16, nyeupe, toleo lilelile kama la kwangu, inampuliza yeye peke yake. Katikati ya panga ilizunguka nati ya kijivu, inang'aa, haijashika hata vumbi.

“Dada yangu, hiyo nati ya feni yenu imetoka wapi?”

“Hiyo ni mali ya kampuni.”

“Najua. Nauliza ilikotoka.”

“Jaza fomu, kaka.”

Fomu za vifaa vya umeme zilikwisha tangu mwezi uliopita na mwenye kuchapisha hajalipwa, kwa hiyo nilipewa ya nguo. Inasema: Saizi. Nikaandika inchi 16. Rangi: nyeupe. Je, vazi limevaliwa? Nikaandika hapana. Je, limefuliwa? Nikaandika: feni haijafuliwa. Dada akapiga mstari chini ya jibu hilo, akaridhika, akagonga muhuri.

Nikaomba pesa yangu taslimu. Hapo akaitwa msimamizi, mama mmoja mwenye funguo nyingi shingoni, akanieleza kwamba mashine ya EFD ikishatoa risiti taarifa imeshakwenda TRA, kwa watu wa kodi, na VAT ya asilimia 18 imo humo humo, haifutwi kwa kubonyeza kitufe. Ni kweli haifutwi. Inarekebishwa kwa makaratasi, nayo ni kazi ya mhasibu wao, si yangu. Nikamtajia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume inayowalinda walaji. Akaniuliza kama huyo Tume ana kadi yetu ya pointi.

“Lakini hatukuachi hivihivi,” akasema. “Tuna fundi.”

Fundi akaja. Kijana mpole, unga bado kwenye nyusi. Mpaka wiki iliyopita alikuwa mwoka mikate. Oveni imezimwa kwa kukosa ngano, akahamishiwa umeme. Msimamizi akamwagiza ahamishe nati kutoka feni ya dawati kwenda kwenye ya mteja, yaishe. Nikamshukuru mama wa watu kwa dhati. Feni ikazimwa, wavu wa mbele ukatolewa, kijana akaishika nati na kuizungusha kushoto.

“Mdogo wangu,” nikasema, “hapo unakaza. Fungua kwa kulia.”

“Mteja, tafadhali,” akasema msimamizi, “mwache fundi afanye kazi.”

Kijana akakaza. Ilipogoma akaweka goti kwenye kitako. Ilipozidi kugoma akaomba plaisi. Nikasema tena kulia, mzee wa risiti nyeusi naye akasema kulia, maana alikuwa bado yupo akisubiri meneja, na mama mmoja aliyekuja kuuliza pointi zake akasema kulia bila kujua ni ya nini. Msimamizi akasema utaratibu wa kampuni ni kushoto.

Ikalia paa. Kipande kimoja kikatumbukia kwenye kikombe cha chai cha dada wa dawati, kingine hakijaonekana mpaka leo.

Sasa kampuni ilikuwa na feni mbili zisizo na nati na nywele za dada zimetulia. Kimya kikapita. Msimamizi akafungua droo kwa ufunguo, akatoa vocha, akaijaza kwa mkono: shilingi 79,000, itumike humuhumu, siku 30, mara moja, haina chenji. Nikageuza nyuma nikasoma maandishi madogo, na wewe ukipewa fanya hivyo kabla hujaondoka dawatini. Haitumiki kwa unga, mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni, maziwa wala vifaa vya umeme.

Mle ndani ukiondoa hivyo vilibaki nini? Siki. Vitundikio vya nguo. Mapambo ya Krismasi, na ilikuwa Septemba. Viatu vya mguu wa kushoto vya maonyesho, namba 46. Sanduku la safari lisilo na gurudumu moja. Watu wenye vocha walikuwa wengi kuliko niliodhani. Utawatambua kwa kutembea polepole, wanakokotoa kwa midomo, kila mmoja ameshika kitundikio anakipima kama atakihitaji maishani.

Mwishoni kabisa, ukutani, nikakuta rafu yenyewe inauzwa. Karatasi imebandikwa kwa selotepu: RAFU 75,000. Ile ya chuma ya supamaketi, nguzo mbili, bati la nyuma lenye matundu, mbao tano za bati. Ningekuwa na rafu ile kibandani feni za watu zingetoka kitandani kwangu. Msimamizi alisema rafu ni lazima apigiwe simu mtu wa Dar es Salaam. Alipopigiwa, hakupatikana. Alipopatikana alisema, kwa sauti tuliyoisikia sote, “Uzeni tu.”

Nikaifungua mwenyewe, maana fundi alinipisha mbali. Rafu hizi hazina skrubu. Kila mkono una ndoano zinazoingia kwenye matundu ya nguzo. Unaanza na ubao wa juu, unaugonga kutoka chini kwa kiganja, ndoano zinanyanyuka na kutoka. Ukianza na wa chini, wa juu unaweza kukuangukia kichwani. Vocha ikawa na 4,000 zisizo na chenji, nikachukua siki chupa mbili za 2,000. Mlinzi wa mlangoni akanikagua mfuko wa siki kwa makini kisha akanisaidia kupitisha rafu.

Guta likanipeleka Mabatini. Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye stuli yangu ndani ya kibanda, amekuja kuulizia feni, na katika kusubiri ameshaiwasha moja ya zile za wateja, nyeusi yenye nati nyekundu, imemwelekea usoni. Akaliona guta. Akaiona rafu. Akasimama na kupiga vigelegele mpaka muuza chipsi akatoka nje.

“Baba! Umeona feni haitoshi, ukaniongezea na kabati la vyombo!”

Kuna mtu anayeweza kumkatiza mkwe katikati ya vigelegele? Kama yupo, si mimi. Nikasema ndiyo, mama. Dereva wa guta akataka 5,000 nyingine mpaka Igoma. Mama mkwe akapanda mbele, chupa mbili za siki mapajani, akaniita kabla guta halijaondoka.

“Na feni usiisahau, baba. Ila safari hii niletee iliyotumika. Hizi mpya hazifai.”