Nipelekeni Peke Yangu

Niseme mapema, mimi dubu simwogopi. Njaa naijua, baridi ningeizoea, na kulala chini hakumtishi mtu aliyesoma bweni enzi za maharage yenye wadudu. Kinachonishinda kwenye kipindi cha Alone ni washiriki wenyewe. Jitu zima, ndevu zimefika kifuani, limekula mwani na konokono, limelowa mvua wiki nzima bila kulalamika, halafu linakaa mbele ya kamera linabubujikwa machozi. Utafikiri limeng'atwa na kitu. Hapana bwana. Linalia kwa kuwa halina mtu wa kuongea naye.

Halina mtu wa kuongea naye! Na mimi hayo nayaangalia nikiwa nimebanwa kwenye kochi, kushoto shemeji, kulia watoto wa wapangaji, mmoja ana embe na mikono anaifutia kwenye suruali yangu. Mmoja wa wale watoto si wa nyumba hii. Nimeuliza nyumba nzima, hakuna anayemjua mama yake. Lakini kila usiku yupo, tena ameshaoga.

Kwa asiyekijua, kipindi chenyewe kilianza 2015 huko Marekani, na mimi nakipata kwa kijana wa kibanda cha muvi anayenijazia kwenye flashi. Msimu wa kwanza walichukua wanaume kumi wakawamwaga kisiwa cha Vancouver, Kanada, kwenye msitu ambao mvua hainyeshi, inaishi humo. Kila mtu na pori lake, hamwoni mwenzake. Unachagua vitu kumi kutoka kwenye orodha yao: shoka, msumeno, sufuria, ndoano, mfuko wa kulalia, mambo kama hayo. Mpiga picha hakuna, unajirekodi mwenyewe. Ukichoka unabonyeza simu ya setilaiti, wanakuja kukubeba. Wa mwisho kubaki anachukua dola 500,000, ambazo kwa hela yetu zinavuka bilioni moja.

Mmoja aliomba kuchukuliwa kabla hajamaliza hata siku moja, kisa dubu walikuwa wanapitapita karibu na turubai lake. Simcheki. Aliyeshinda alikaa siku 56. Hebu zifikirie hizo siku, mtu hajakuuliza "vipi ile hela?" Hakuna aliyekupigia simu halafu akakata ili umpigie wewe. Hakuna kadi ya mchango wa harusi ya mtoto wa mtu uliyefanya naye kibarua ukiwa bado una nywele. Siku zote hizo! Na bado wanampa pesa. Mimi ningewalipa wao.

Kwetu huku Mbagala kuwa peke yako ni anasa, na hata mwenye hela haipati. Tumepanga nyumba ya uani, vyumba vinatazamana, mita ya umeme moja. Ukipiga pasi shati, chumba cha pili wanajua una safari. Ukikaanga samaki, watu wanakusalimia kwa heshima kuliko kawaida. Sehemu pekee ambayo binadamu anaweza kujifungia akawaza mambo yake ni choo, nacho ni cha wote. Hujachuchumaa vizuri, unasikia ndoo inatuliwa nje, halafu kikohozi. Kile kikohozi si cha ugonjwa. Ukikaa kimya, sauti inafuata: "Humo kuna mtu?" Ukijibu kuna mtu, huyo wa nje ndiyo anapata nafasi ya kuanza mazungumzo. Baba mwenye nyumba aliwahi kunikumbusha kodi nikiwa chooni. Na mimi nikajitetea nikiwa humohumo, kwa unyenyekevu wote ninaouweza.

Basi nikasema nitakuwa nawaza kwenye daladala. Konda anapiga bodi, "Sogea nyuma, huko nyuma kweupe!" Nyuma hakuna kweupe, kuna makwapa. Aliyekaa dirishani kanilalia begani toka Rangi Tatu, na ninamwonea huruma kumwamsha kwa sababu anaota na anatabasamu. Mbele kasimama muuza dawa ya minyoo, anaitangaza kwa picha kubwa za rangi. Mawazo gani yatakaa humo?

Sasa kuna ndugu yake Alone, mkubwa kwa umri, Survivor. Huyu hataki upweke, anataka watu wakae pamoja mpaka wachukiane. Wenyewe walikuja mpaka hapo Kenya, 2001, hifadhi ya Shaba, upande wa Isiolo. Wamarekani 16, siku 39, zawadi dola milioni moja. Wakajenga boma la miiba, usiku wanapeana zamu kulinda simba wasiingie. Siku moja wakaletewa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa, wanywe ndiyo iwe mashindano, na muziki wa kutisha ukawekwa chini. Pembeni ya hifadhi hiyohiyo Wasamburu wanakunywa kwenye kibuyu na hawajawahi kupigiwa hata filimbi. Makundi ya washiriki wakayapa majina ya watu, moja Boran, jingine Samburu, na yalipounganishwa wakajiita Moto Maji, utadhani kibao cha gesti.

Kilichonifurahisha mimi ni ile kura. Kila baada ya siku chache wanakaa baraza, kila mtu anaandika jina kwenye karatasi, mwenye kura nyingi mwenge wake unazimwa na anaondoka usiku uleule. Habishi. Haombi nauli. Hasemi atasubiri mwezi uishe. Nikamtazama shemeji yangu, aliyekuja msimu wa korosho kufuatilia cheti chake, msimu ukaisha, ukaja mwingine, cheti hakijatoka na yeye hajatoka. Nikasema moyoni, hii kura ingekuja hapa ndani mbona safi.

Halafu nikapiga hesabu, maana kura bila hesabu ni ujinga. Shemeji anamchotea dada yake maji. Mama mkwe anamsomea meseji na kumtafutia redio yake ya dini. Watoto anawatengenezea magari ya mabua. Yule mtoto asiye na wenyewe anamwita anko. Sasa mwenge gani ungezimwa pale? Hoja ya kura nikaiondoa mezani.

Na hapo kwa mama mkwe ndipo penye mkasa. Yule kijana wa kibanda, bila kuniambia, kwenye flashi alinichanganyia kitu kinaitwa Naked and Afraid. Hicho kilianza 2013. Wanachukua mwanamume na mwanamke, hawajuani hata kwa salamu, wanawavua nguo zote, wanawatupa porini siku 21, kila mmoja na kifaa kimoja. Zawadi hamna, ukimaliza unapongezwa. Mojawapo ya vipande vya mwanzo kabisa walikuja kukifanyia hapahapa Tanzania. Nchi ambayo ukifika gesti na mke wako wa ndoa unapewa daftari uandike jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, na mhudumu anakuangalia kwa jicho la uchunguzi. Wale wawili waliandikishwa wapi? Mjumbe alipewa taarifa?

Sasa tumekaa sebuleni, mama mkwe yuko kwenye mkeka, khanga mbili, tasbihi mkononi. Mimi najua tunaangalia Alone. Mara jamaa huyo, hana kitu. Mara na dada huyo. Pale pa kuficha wamepaweka ukungu, na ule ukungu ndiyo balaa, kwa sababu unatembea. Wakipanda mlima unapanda, wakiinama unainama nao. Nikachukua rimoti. Rimoti yetu betri zake zinafanya kazi baada ya kung'atwa, na huwezi kung'ata betri mbele ya mama mkwe huku vile vitu vinaendelea. Nikanyanyuka niende kuzima kwenye swichi, kochi likaninasa mfuko. Nikawa nimesimama katikati ya runinga na mama mkwe, mikono nimeitanua, siwezi kwenda mbele wala kurudi.

"Baba Tunu, mwanangu," mama akasema taratibu, "hao nguo zao wameibiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Mskini. Na hakuna wa kuwastiri hata na khanga?"

"Ni porini, mama."

"Hao wanaowapiga picha nao hawana nguo?"

Hapo nilikosa jibu. Niliangalia kwa mara ya kwanza na kuona kwamba bibi yule, hajui herufi moja ya Kizungu, kauliza swali ambalo mimi msomi wa kidato cha nne sikuwahi kulifikiria. Mpiga picha yupo pale, kavaa, ana buti, bila shaka begani ana chupa ya maji na biskuti. Watu wawili wanatetemeka, na mwenye koti anawarekodi. Ndiyo maana kidogo mimi naegemea Alone, angalau mle hakuna mtu anayekuangalia ukiteseka huku ameshiba. Anayeangalia ni mimi, na mimi sijashiba.

Yule Mwingereza Bear Grylls, wa vipindi vya kuponea porini, sitamsema sana. Anakunywa mkojo wake mwenyewe huku anatabasamu, tukamstahi, halafu 2007 ikajulikana kwamba wakati wa kurekodi kuna usiku alikuwa akilala hotelini. Mama mkwe nilipomsimulia alisema, "Kama hoteli ipo, mkojo wa nini?" Mada ikafungwa.

Nikaanza kujipanga kwenda Alone. Sifanyi utani. Nimefuatilia, washiriki wengine kabla ya kwenda wanajinenepesha makusudi, wanakula mafuta na wanga mpaka kitambi kinatoka, kwa sababu kule unayeyuka. Madaktari wanakuja kukupima, ukikonda kupita kiasi wanakuondoa hata kama unalia unataka kubaki. Yule Roland Welker wa msimu wa 7, aliyekaa siku 100 kwenye baridi la kaskazini mwa Kanada akaondoka na dola milioni moja, alikuwa ameua mnyama mkubwa mithili ya nyati mwenye manyoya. Mimi kitambi ninacho tayari. Hapa nyumbani kinaitwa uvivu, kule ni akiba.

Kosa langu ni kulisema hilo kwa sauti uani. Kufika jioni nyumba nzima inajadili vitu vyangu kumi. Mama mkwe akaweka dagaa wa Kigoma na ubani. Mama ntilie wa mbele akasema sufuria liwe zito, la kushika moto. Fundi baiskeli akataka nimpe nafasi moja ya spana, ya kazi gani hakusema. Mtu wa chumba cha tatu, ambaye tunadaiana hela ya umeme, alisema niache kwanza ya mwezi huu, kwa sababu pori halina uhakika. Baba mwenye nyumba, aliyepita kwa bahati mbaya kama anavyopita siku zote tarehe za mwisho wa mwezi, akaniita pembeni kunishauri kwamba bilioni ikiingia ni vizuri nilipe kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Akasema atanipunguzia.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Baba Tunu, chumvi hapa ndani inakaa wapi?"

"Jikoni."

"Wapi jikoni?"

Sikupenda lile swali, lilikuwa la kisiasa. Nikamweleza kwamba porini hakuna makabati, chumvi unaiweka mwenyewe na mwenyewe unajua ulipoiweka, na kwamba wala siendi kutafuta bilioni, naenda kutafuta kimya. Akasema kimya hata yeye anakitaka, na kama natafuta watu wawili wa kuunga mkono safari yangu, nimtafute mmoja tu, maana wa kwanza ni yeye.

Tukalala. Usiku wa manane mlango unagongwa, taratibu, kwa adabu. Ni shemeji, simu mkononi, mwanga umempiga usoni, furaha tupu.

"Shemeji samahani, nimeona nisikuache mpaka asubuhi. Nimesoma hapa. Msimu wa 4 hawakupeleka mtu mmojammoja. Walipeleka wawiliwawili, watu na ndugu zao! Walioshinda ni ndugu, Jim na Ted Baird, siku 75. Wakabeba mzigo."

Nikanyamaza.

"Utaratibu wao," akaendelea, sasa amekaa kwenye kona ya kitanda changu, "mmoja anashushwa kambini, anatulia. Mwenzake anashushwa mbali kabisa, anapewa dira, anakata pori mpaka amkute. Sasa wewe shemeji tulia tu kambini. Wa kutembea nitakuwa mimi."

"Utapotea," nikamwambia, na nilisema kwa matumaini.

"Mimi?" Akacheka, mpaka mama mkwe akaguna chumba cha pili.

Nikakumbuka siku aliyokuja. Alishuka kwenye basi toka Newala hana simu, hana anwani, hana mtaa. Aliuliza jina langu tu, kibanda hadi kibanda, jiji zima hili, na magharibi alikuwa keshakaa kwenye kochi langu anakula.